Dawa Haifungiwi Sandukuni

Nyumbani kwa Mama Zuleika, hapo Kasubi, Kampala, asubuhi ilianza kwa sala, kisha sindano. Baada ya sala ya alfajiri, mkwewe Maimunah alikwenda kwenye chungu kilichokaa pembeni mwa jiko. Kilikuwa chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, na katikati yake kulijazwa mchanga uliolowa maji. Humo ndimo chupa za insulini zilimokaa, zikiwa baridi hata siku za jua kali. Nyumba haikuwa na friji. Chungu kilitosha.

"Maimunah, mwanangu," Mama Zuleika alisema kila mara akifunua tumbo lake, "mkono wako leo ni mwepesi, au nimwite fundi wa magodoro?"

"Fundi wa magodoro ana sindano ndefu zaidi, Mama."

"Basi choma wewe."

Walicheka, dawa ikaingia, na chai ikaletwa na kipande cha mkate. Baadaye Latif, mume wa Maimunah na mwana pekee wa Mama Zuleika, alipanda boda kwenda kuuza nguo katika soko la Owino. Wanawake wawili walibaki wakisuka vifuniko vya sahani vya rangi nyekundu, kijani na zambarau, kama walivyosuka Wanubi wa ukoo wao tangu zamani.

Mama Zuleika alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa muda mrefu. Majirani wengi hawakujua. Hakupenda wajue. Sindano haikumwogopesha, ila macho ya watu.

Siku moja, simu ililia wakiwa wanasuka. Ilikuwa sauti ya Mubaraka, binti wa dada yake, akipiga kutoka Mombasa.

"Mama mdogo," Mubaraka alisema, "madaktari wamesema tumrudishe mama nyumbani. Hakuna tena la kufanya hospitalini. Anakuulizia. Kila akifungua macho anauliza kama Zuleika amefika."

Mama Zuleika aliweka ukili chini. Dada yake, Munirah, ndiye aliyemlea huko Bombo baada ya mama yao kufariki. Kisha Munirah aliolewa Mombasa, na tangu hapo walionana kwenye harusi na misiba tu. Sasa katika watoto wa mama yao walibaki wao wawili.

"Mwambie nakuja," alisema. "Mwambie asiende kabla sijafika."

Jioni hiyo walipanga safari. Mama Zuleika angesafiri pamoja na Maimunah. Wangepanda basi la asubuhi kutoka Kampala hadi Nairobi, walale Kibera kwa jamaa zao, na siku ya pili wapande treni ya kwenda Mombasa. Latif angebaki na biashara.

"Treni ni afadhali kwa Mama," Latif alisema. "Mtakaa vizuri. Choo kimo humo humo, na basi lingemchosha."

Siku ya kufunga mizigo ilipofika, Mama Zuleika alitoa sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda chake. Lilikuwa la babu yake. Babu huyo alikuwa askari wa wakati wa ukoloni, na alihamishwa kwa treni kutoka kambi moja hadi nyingine. Alikuwa na desturi yake, na ukoo mzima uliishika. Vitu vyote vya msafiri viliwekwa katika sanduku moja. Mkubwa wa nyumba alilifunga kwa kufuli na kulisomea dua. Baada ya hapo halikufunguliwa tena mpaka msafiri afike aendako.

Mama Zuleika alipanga vitu kwa mkono wake mwenyewe. Aliweka nguo, kanga mpya za Munirah, kahawa, udi, na vifuniko vya sahani. Aliweka kisu kidogo cha kukatia ukili. Kisha alizitoa chupa za insulini chunguni, akazifunga ndani ya sweta pamoja na sindano na kile kipimo kidogo cha sukari, akalisukuma furushi hilo chini kabisa ya sanduku.

"Hapo hazitavunjika," alisema.

Maimunah alitazama. Kulikuwa na jambo lililomsumbua moyoni, lakini hakulijua vizuri. Halafu, nani angemfundisha mama mkwe kufunga mzigo? Kufuli likabanwa. Mama Zuleika akainua mikono, akaomba dua, na wote wakaitikia amina.

Walipokuwa bado wamesimama pale, jirani yao alibisha hodi. Alikuwa Nabangala, mwanamke Mkenya kutoka Bungoma, muuguzi katika kliniki moja ya Old Kampala. Mtaa mzima ulimwita Musawo, kama Kampala inavyowaita madaktari na wauguzi wote. Ndiye aliyemfundisha Maimunah kuchoma sindano. Nabangala alikuwa amekuja kuaga.

"Mama Latif, nimesikia habari za dada yako. Pole sana."

"Tumeshapoa, Musawo. Karibu ukae. Kesho tunaondoka."

Nabangala aliketi. Alilitazama sanduku, kisha akauliza kwa upole, "Dawa iko wapi?"

"Imo sandukuni."

"Na sanduku litakaa wapi ndani ya basi?"

"Litakaa wapi tena? Chini, kwenye buti, na mizigo ya watu."

"Na kesho mchana utajichomaje?"

Mama Zuleika alitabasamu kama mtu aliyekwisha kulifikiria swali hilo. "Kesho sichomi. Sitakula, kwa hiyo sitachoma. Nitafika Nairobi jioni, nitakula, nitachoma. Hakuna tatizo."

Nabangala hakutabasamu. Alisogeza kiti chake karibu.

"Mama, nisikilize kwa makini, kwa sababu ninakupenda. Mwili wako unahitaji insulini kila siku, hata siku ya safari. Ukiiacha, sukari itapanda. Utaona kiu, utakojoa sana, utatapika, na unaweza kuzimia kabla ya kufika. Hilo la kwanza. La pili ni joto. Mwaka jana nilimpelekea mama yangu samli Bungoma. Niliweka kopo kwenye buti ya basi. Unajua nilifika na nini?"

"Mafuta," alisema Maimunah, bila kutaka.

"Mafuta matupu. Yalikuwa ya moto kama yametoka jikoni. Joto lile lililoyeyusha samli linaweza kuua nguvu ya dawa yako. Utaitazama chupa, utaiona kama kawaida, lakini ndani hamna dawa tena. Utajichoma, na sukari haitashuka."

Nje boda moja ilipita ikipiga honi.

"Sasa unataka nifanye nini?" Mama Zuleika aliuliza.

"Fungua sanduku."

"Hapana, Musawo." Sauti yake ilibadilika. "Sanduku limeshasomewa dua. Baba yangu hakuwahi kulifungua, wala babu. Unataka mimi nianze mkosi huo, na dada yangu yuko kitandani?"

Maimunah aliona uso wa mama mkwe wake ukiwa mgumu. Alijua hasira hiyo haikuwa hasira. Ilikuwa hofu. Mama Zuleika aliogopa kwamba jambo lolote dogo lingeweza kumchukua Munirah kabla hajafika.

Latif, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema polepole, "Mama, babu hakuwa na insulini."

"Wewe nyamaza. Umezaliwa jana."

Nabangala alimshika Mama Zuleika mkono. "Mama, sitaki kukuvunjia heshima ya wazee wako. Nakuuliza jambo moja. Ukifika Mombasa, unataka dada yako akuone umekaa kando ya kitanda chake? Au unataka Mubaraka awe na wagonjwa wawili, mmoja nyumbani na mmoja hospitalini?"

Mama Zuleika aliitazama mikono yake. Maimunah alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake.

"Mama," alisema, "mimi ndiye ninayekuchoma kila siku. Nikikosa dawa njiani, nitamwambia nini Latif? Nitamwambia nini Mama Munirah? Ukinikataza sitagusa hilo sanduku. Lakini nakuomba."

Mama Zuleika alivuta pumzi. Akautoa ufunguo kifuani, ulikofungwa kwenye ncha ya kanga yake.

"Fungua," alisema. "Na mkimaliza tutaomba dua nyingine. Mungu hachoki kusikia."

Basi Nabangala na Maimunah wakafanya kazi pamoja, na Mama Zuleika akisimamia.

"Kila msafiri mwenye ugonjwa anahitaji mifuko miwili," Nabangala alieleza. "Mkubwa wa nguo, huo unaweza kukaa popote. Mdogo wa dawa. Huo hautoki mkononi. Ukienda chooni, mwachie Maimunah. Maimunah akienda chooni, ubaki nao wewe. Haukai kwenye buti, wala dirishani penye jua, wala juu ya injini."

Maimunah alileta mfuko wa kitambaa. Nabangala aliweka chupa za insulini ndani ya kopo dogo lenye kifuniko. Alilowesha taulo, akalikamua, akalizungushia kopo.

"Taulo likikauka, liloweshe tena. Maji ya kawaida tu. Usiweke barafu. Dawa ikiganda imeharibika, kama ile iliyopata joto."

"Na hizi ni nyingi mno," Mama Zuleika alisema akionyesha sindano. "Tunakaa wiki moja tu."

"Chukua za wiki mbili, na dawa ya wiki mbili. Safari ina mambo yake, Mama. Na mgonjwa haagwi kwa saa."

Mama Zuleika akaitikia kwa kichwa. Alijua Nabangala alikuwa anasema nini kuhusu Munirah, na alishukuru kwamba hakulisema waziwazi.

Kipimo cha sukari kiliingia mfukoni. Chupa ya plastiki ngumu yenye kifuniko iliingia pia, kwa ajili ya sindano zilizotumika, zisije zikamchoma mtu. Iliingia na barua ambayo Nabangala aliileta kutoka kliniki, yenye jina la mgonjwa na la dawa.

"Kituo cha treni kina ukaguzi," Nabangala alisema. "Mkiulizwa habari za sindano, onyesheni barua. Msione haya. Na hiki kisu kitolewe. Hawaruhusu visu."

"Cha ukili hicho!"

"Hata kama ni cha ukili, Mama. Na hivi vitu vilivyo ndani ya kaveera pia, vihamishieni kwenye mifuko ya kitambaa. Kenya mifuko hiyo ya plastiki imepigwa marufuku. Mtanyang'anywa mpakani."

"Kwenu Kenya mnakataza kila kitu," Mama Zuleika alisema, na kwa mara ya kwanza tangu simu ile, akacheka kidogo.

Mwishowe Nabangala aliweka chupa ya soda yenye sukari, pakiti ya biskuti na ndizi. Mama Zuleika alishangaa.

"Soda? Musawo, si wewe uliyenikataza soda?"

"Nilikukataza kuinywa kila siku. Hii ni dawa. Maimunah, hapa sikiliza wewe. Akishachomwa sindano, lazima ale. Chakula kiwe mbele yake kwanza, ndipo sindano. Asipokula, sukari itashuka mno. Utamwona anatoka jasho, anatetemeka, anasema maneno yasiyoeleweka, au anakuwa mkali bila sababu. Mpime. Kama huna nafasi ya kupima, usingoje. Mpe nusu glasi ya soda. Ngoja robo saa, mpime tena. Akiwa bado, mpe tena. Akipata nafuu, ale chakula cha kushibisha."

"Na akizimia?"

"Akizimia usimtie chochote mdomoni. Atapaliwa. Mlaze ubavu na uombe msaada upesi."

Maimunah aliyarudia maneno yale kwa sauti, mara ya kwanza akikosea, mara ya pili bila kukosea. Kisha sanduku likafungwa tena. Mama Zuleika akainua mikono. Dua ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza.

Safari ya basi ilikwenda salama. Mfuko wa dawa ulikaa mapajani mwa Maimunah kutoka Kampala hadi mpakani, na kutoka mpakani hadi Nairobi. Basi liliposimama, walinunua chakula, wakanawa mikono, Maimunah akamkinga mama mkwe kwa kanga, akamchoma. Hakuna mtu aliyegeuza shingo. Walilala Kibera. Asubuhi na mapema walikuwa kituoni. Mkaguzi aliiona barua, akaisoma, akasema, "Safari njema, mama," basi.

"Hayo tu?" Mama Zuleika alinong'ona. "Na mimi sikulala kwa kumwogopa huyo?"

Ndani ya treni viti vilitazamana. Mbele yao alikaa mama mmoja aliyeitwa Vera, pamoja na watoto wake wawili. Mwanamume mmoja mwenye kofia alikaa upande wa njia. Treni ilipoanza kwenda, Maimunah alifungua bakuli la gurusa, zile chapati laini za Wanubi ambazo jamaa wa Kibera waliwapikia, pamoja na mayai ya kuchemsha. Chakula kilikuwa mbele. Akamkinga Mama kwa kanga, akamchoma.

"Sasa ule, Mama. Mimi naenda kulowesha taulo."

"Nenda. Mimi si mtoto."

Maimunah alimwachia mfuko, akachukua taulo peke yake. Foleni ya chooni ilikuwa ndefu. Aliporudi, bakuli lilikuwa tupu, na Mama Zuleika alikuwa akijipangusa vidole. Maimunah akafurahi. Alilizungushia kopo taulo bichi, akaegemea kiti, akatazama nje. Nyanda zilipita, kavu na pana. Waliona pundamilia. Watoto wa Vera walipiga kelele.

Saa moja hivi ikapita. Mama Zuleika, ambaye kwa kawaida hakuacha kusema, alikuwa kimya. Maimunah aligeuka. Aliona jasho juu ya mdomo wake, ingawa ndani ya behewa palikuwa na baridi.

"Mama, unajisikiaje?"

"Munirah," alisema Mama Zuleika, akimtazama yeye, "funga mbuzi. Mvua inakuja."

Maimunah aliishika mikono ya mama mkwe wake. Ilikuwa ya baridi, na ilitetemeka.

"Mama, umekula?"

Vera aliinua uso. "Alitukaribisha sisi," alisema. "Alisema yeye ameshiba. Watoto walikuwa na njaa... Kwani kuna nini?"

Maimunah alielewa. Alipaswa kujua. Mama Zuleika asingeweza kula mbele ya watoto wa watu bila kuwapa. Katika maisha yake yote hakuwahi kufanya hivyo. Aliwakaribisha, na wao wakakaribia, na yeye hakubakiza kitu.

Alitoa kipimo, akamtoboa Mama kidole. Namba ilionekana, na ilikuwa ya chini sana. Akaufungua mfuko, akatoa soda, akamimina kwenye kikombe.

"Wewe!" Mwanamume mwenye kofia alisimama. "Unafanya nini? Si nimekuona ukimchoma sindano ya sukari? Huyu ni mgonjwa wa sukari!"

"Ndiyo, ni mgonjwa wa sukari."

"Na unampa soda? Unataka kumuua mama wa watu? Mchome sindano nyingine!"

Abiria waligeuka. Mtu mmoja nyuma alisema, "Kweli, soda ni sumu kwake." Mwingine akasema, "Mwiteni mhudumu!" Mtoto mmoja wa Vera alianza kulia.

Maimunah alisimama na kikombe mkononi. Kwa muda mfupi alijiona kama mtu aliye peke yake duniani. Watu wote walikuwa wakubwa kuliko yeye, na wote walisema neno moja. Je, kama amekosea? Kisha akakumbuka jinsi alivyorudia maneno yale mbele ya Nabangala, akikosea kwanza, kisha asikosee.

"Baba," alimwambia yule mwanamume, "nakuheshimu. Lakini sukari yake imeshuka, haikupanda. Nimempima. Amechomwa dawa na hakula. Nikimchoma tena, ndipo nitamuua. Naomba nipishe. Na ndiyo, mwiteni mhudumu, nitafurahi akija."

Mwanamume akapisha, kisha akaenda mwenyewe kumtafuta mhudumu.

"Mama, kunywa."

"Sitaki. Mbuzi..."

"Mbuzi nimewafunga. Kunywa, Mama. Munirah amesema unywe."

Kwa jina hilo, Mama Zuleika alikunywa. Alikunywa polepole, na soda nyingine ikamwagikia kanga. Mhudumu alifika akiwa anakimbia, akasikiliza, akasema, "Sawa sawa, endelea." Robo saa ilikuwa ndefu kuliko barabara yote ya kutoka Kampala. Vera alimshika mtoto wake akamnyamazisha.

Mkono wa Mama Zuleika ulipunguza kutetemeka. Jasho likakauka. Alifumba macho, akayafumbua, akawatazama watu waliomzunguka.

"Kuna nini?" aliuliza. "Mbona mnanitazama kama nimeiba?"

Maimunah alimpima tena. Namba ilikuwa imepanda. Akakaa chini, na machozi yakamtoka.

"Mama, ulisema umeshiba."

Mama Zuleika alielewa. Aliinamisha kichwa. "Ningekulaje, mwanangu, na watoto wananitazama?"

"Kumbe tumekula dawa yako!" Vera alisema kwa uchungu. "Mama, ungetuambia. Sisi tuna mkate kwenye begi. Watoto ni walafi tu."

"Sikutaka mjue mimi ni mgonjwa."

"Sasa behewa zima linajua," alisema mwanamume mwenye kofia, aliyekuwa amerudi. Alivua kofia yake. "Na mimi nilikuwa karibu kukumaliza. Dada, nisamehe. Mke wangu ana ugonjwa huohuo. Nilidhani kila mara ni soda ndiyo mbaya. Hebu nieleze tena, hiyo ya kushuka unaijuaje?"

Maimunah alimweleza, huku Mama Zuleika akila ndizi, kisha biskuti, kisha mkate wa Vera. Alikula peke yake, watu wakimtazama. Lilikuwa jambo gumu kwake. Alilifanya mpaka mwisho.

Walipofika Mombasa, Mubaraka aliwapokea na kuwapeleka moja kwa moja nyumbani Majengo. Munirah alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba karibu na dirisha. Alikuwa amekonda, mdogo kama msichana. Alifungua macho.

"Zuleika amefika?"

"Nimefika, dada."

"Umechelewa."

"Nimechelewa. Nisamehe."

Munirah alimtazama vizuri. "Umenenepa," alisema, na wote wakacheka, na kucheka kule kukageuka kuwa kilio.

Walipata siku kadhaa pamoja. Mama Zuleika hakuondoka kando ya kitanda. Waliongea Kinubi cha utotoni mwao, habari za Bombo, za watu waliokufa zamani, za nyimbo ambazo Mubaraka hakuwahi kuzisikia. Asubuhi na jioni Maimunah alileta chakula, kisha sindano. Munirah alitaka kuona. "Haumii?" aliuliza. "Mkono wake ni mwepesi," Mama Zuleika alijibu, bila kujificha, ingawa majirani walikuwa wamejaa chumbani.

Munirah alifariki Ijumaa, kabla ya jua kupanda juu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mdogo wake.

Nyumba ilijaa wanawake. Jiko halikuwashwa. Hakuna aliyekula. Mwanamke mzee aliyesimamia kuosha maiti alikuja mlangoni akauliza ni nani wa damu ya marehemu atakayeingia naye.

"Mimi," alisema Mama Zuleika. "Mimi ndiye mdogo wake."

"Basi twende, dada."

Mama Zuleika alisimama. Kisha akasita. Asubuhi ile hakuwa ametia chochote mdomoni, na sindano ilikuwa bado. Aliwatazama wanawake waliokaa mkekani kwa njaa na majonzi, wakimngoja.

"Nivumilieni kidogo," aliwaambia. "Mimi nina ugonjwa wa sukari. Lazima nile kwanza, ndipo niweze kusimama." Akageuka. "Maimunah, mwanangu. Niletee chakula changu."

Jirani mmoja alikuwa ameleta wali. Maimunah alimletea sahani, akamchoma, akakaa karibu naye. Mama Zuleika alikula wali ule mbele ya watu wote, machozi yakidondokea sahani, tonge baada ya tonge, mpaka alipoumaliza. Akanawa mikono. Kisha akaingia ndani kwa miguu yake mwenyewe, akamwosha dada yake.